Tone la Saa Nane

Shaweji wa Kondoa hana haraka.
Meza yake, ubavuni mwa wauza mitumba wa Majengo,
ina chupa arobaini na kitu, vizibo vya dhahabu isiyo dhahabu,
na bomba la sindano lisilo na sindano:
mililita tatu, elfu tatu; sita, elfu tano.
"Usinuse chupa, mama. Chupa haina jasho."

Nilitaka kumwambia mimi si mgeni wa manukato.
Miaka kumi na tisa nimenukia yasmini,
kila Krismasi kichupa kilekile, karatasi ileile ya bluu,
Yoeli akikinunua bila kuniuliza,
nami nikikipaka bila kujiuliza.
Kanisani walinijua kabla sijaketi.
Alipofariki, kilibaki robo.
Ile robo niliimaliza kwa kuinusa, si kuipaka.

Basi leo natafuta langu.

Mkono wa kushoto, udi.
Ukakaa juu ya ngozi kama bwana aliyevaa koti
kwenye jua la Oktoba, hataki kulivua.
Mkono wa kulia, waridi: tamu, kisha tamu, kisha tamu tena,
mpaka nyuki wa muuza miwa akaja kunikagua.
Kwenye kiwiko akanipimia miski.
Nikamkumbuka karani mmoja wa ardhi,
harufu yake ilikuwa ikifika Jumatatu
na faili langu Alhamisi.

"Chema chajiuza," nikamtupia.
Akacheka. "Si kwenye marashi, mama. Haya lazima yatembezwe.
Nenda, zunguka, rudi saa nane.
Dodoma hii asubuhi kila kitu kinanukia.
Hakimu ni saa nane."

Nikazunguka.
Nikanunua mlenda mkavu, kibaba cha karanga,
nikabishania bei ya kanga nisiyoitaka.
Upepo ukaamka,
huu wetu wenye vumbi jekundu,
unaoingia hadi kwenye maneno,
ukitamka "mchele" unatafuna mchanga.
Udi ukageuka moshi wa jirani.
Waridi likachacha.
Miski sijui ilikwenda wapi; haikuaga.

Lakini palikuwa na tone jingine.
Sikulichagua. Alipokuwa akisafisha bomba
lilinidondokea kwenye kifundo cha mkono,
pale penye kovu la jiko la mkaa,
nikalifuta kwa kidole, nikalisahau.
Sasa, nikiinua mkono kukinga jua,
likaja.
Mchaichai, pengine,
na nyuma yake kitu kikavu,
kama gunia jipya kabla halijatiwa alizeti,
na chini kabisa jasho langu na sabuni ya mche,
vimekaa pamoja bila kugombana.

"Hili linaitwaje?"
Akaigeuza chupa huku na huku. Lebo ililiwa na jua.
"Hili? Hata mimi silijui. Hakuna anayeliuliza."
Akavuta mililita tatu, akaongeza nusu,
akaniambia hiyo nusu ni ya lile lililodondoka.

Jumapili nilipaka tone nyuma ya kila sikio,
jingine kwenye mkunjo wa kiwiko.
Gauni jeupe sikuligusa; mafuta hayana msamaha.
Wifi yangu Damari akapita viti viwili
akinitafuta, shingo imenyooka kama ya kanga porini.
"Perisi! Nimekupita. Sikusikia harufu yako."
Nikasogea, nikampa nafasi kwenye benchi.
Akainama kuokota kitabu cha nyimbo,
akakaa hivyohivyo ameinama,
akavuta pumzi, akavuta tena.
Hakusema kitu.

Nami sikumwambia kitu.
Ilikuwa saa tatu tu,
na lile tone lilikuwa bado halijaanza.