Mtulinga

Andika, karani: naitwa Songoro,
mlinzi wa duka la Premji, njia ya Gerezani,
mshahara rupia sita na posho ya mchele.
Andika kwamba usiku wa giza la mwezi
mwivi alitoboa ukuta wa nyuma
kwa maji na kisu, polepole,
kama anayekata muhogo wa kuchemsha,
akatoa majora matatu ya kaniki.
Nikamkamata. Akaniponyoka.
Kwa nini? Mafuta, karani. Alijipaka ufuta
tangu utosini hata nyayo.
Hayo tu. Weka nukta. Mfasirie Bwana Shauri.

Kalamu ikakwaruza kama panya darini.
Sasa nikwambie wewe usiye na wino.

Mtu wa mafuta kumleta kwangu!
Mimi kila Ijumaa, alasiri ikishaswaliwa,
nyuma ya mabanda ya wapagazi
navua kanzu, napiga ubinda,
nashikana na watu waliopakwa vivyo hivyo.
Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi waliotua pembe jana,
baharia mmoja Mngazija, shingo kama kinu:
wote nimewalaza.
Watu huweka pesa nane, robo rupia,
na mpiga ngoma hukoma mgongo ukigusa mchanga.
Wanasema nina nguvu. Sina.
Nyama huteleza, mfupa hautelezi.
Mimi natafuta mfupa.

Basi alipotoka tundu lile, miguu kwanza,
nilimwacha afike kiunoni, nikamvaa.
Hakupiga kelele. Wala mimi.
Tukabiringishana vumbini baina ya mapipa,
mbwa wa Premji akitutazama kama aliyeweka dau.
Mkono wangu ukapanda kifuani, ukatafuta,
ukakuta mtulinga wa kushoto
na katikati ya mtulinga, fundo.

Nalijua fundo lile.
Nimelifunga mimi.
Mfungo Mosi, mwaka jana, Tendwa mchukuzi wa forodhani,
nilimnyanyua juu ya kichwa changu
na watu wote wakaita, Mwachie! Mwachie!
Nikamwachia. Bega likatangulia.
Mlio wake: ukuni mkavu, siku ya karamu.
Nilipewa rupia mbili na kilemba.
Yeye alifungwa vibanzi vya makuti, mfupa ukaunga kombo,
na tangu hapo msimamizi wa forodhani
humgusa bega, hutikisa kichwa,
humwita wa nyuma yake.

Mwachie, nilisikia, na uchochoroni hamna mtu.
Nikamwachia.
Hata majora aliyabeba kwa bega la kulia.

Bwana Shauri hakuuliza mengi.
Mpiga mieleka asiyeweza kushika mwivi, alisema,
basi amemuuza.
Viboko kumi na vitano:
kimoja cha usingizi, kumi na vinne vya uongo.
Nikalala kifudifudi siku kumi na moja.
Premji akamwajiri Mbaluchi mwenye bunduki.

Ijumaa ya tatu nikarudi uwanjani, nimekonda,
na aliyeingia kunikabili ni Tendwa.
Nilipovua kanzu watu wakanyamaza.
Yeye aliutazama mgongo wangu kitambo,
midomo ikicheza, nadhani akihesabu.
Tukashikana. Ufuta uleule.
Sikuwa na nguvu za kusogeza mbuzi
na nilitaka, nakwambia kweli, nilitaka anibwage,
anivunje popote apendapo, tulingane,
nirudi nyumbani sidaiwi.

Akaanguka.
Peke yake, chali, kabla sijavuta.
Ngoma ikakoma. Pesa zikarushwa.
Mzaramo mmoja akanifunga kilemba akilia kwa furaha.

Premji aliibiwa usiku, kaniki, majora matatu.
Mimi niliibiwa mchana, mbele ya watu mia,
na mwivi yuko chini, vumbi kwenye kope,
anangoja nimwinue.

Nikampa mkono.
Upande wa kulia. Wa kushoto haupandi.