Kelele za Nyuma

Dundee, Januari. Saa kumi alasiri
na giza limeshafunga duka.
Shakwe wawili wanagombea chipsi iliyodondoka
mbele ya maabara, kwa lafudhi ileile
ya dereva wa basi aliyeniambia jambo asubuhi
nami nikaitika ndiyo, asante,
bila kujua nimekubali nini.

Mimi, niliyekuja kufundisha mashine kusikia.

Shahada ya uzamili, miezi kumi na miwili.
Ada yake ukiitamka kwa shilingi
lazima uvute pumzi katikati.
Tasnifu: kompyuta iandike Kiswahili
kama kinavyosemwa na mtu mwenye pini mdomoni.
Sauti ya kutosha ninayo moja tu,
ya mama mdogo Sikudhani, Korogwe,
fundi wa sare za shule,
ambaye ujumbe wake mfupi ni dakika nane:
bei ya vitunguu, jogoo wa jirani asiye na adabu,
kikoba kilichovunjika kabla ya chai,
na wewe unakula? Usinidanganye,
nasikia sauti imekonda.

Nilipomwomba ruhusa alicheka.
Chukua, mwanangu, maneno hayapimwi kwa futi.

Oktoba na Novemba kazi yangu ilikuwa kusafisha.
Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele,
tiki-tiki-tiki, kanyagio na gurudumu,
sindano ikipita kwenye kaptura za kaki,
na mashine, jahili, ikadhani ni maneno,
ikaandika *katikati katikati katikati*
ukurasa mzima.
Nikatunga programu ya kuichuja,
mistari mia tatu na kumi, mikesha minne,
vidole vikinuka sabuni ya sahani
za mgahawa wa Bwana Geddes.
Ilipozimika nilijivuna.

Mwaka ukageuka.
Jumbe za Januari zikaja safi, hazina cha kuchuja.
Dokta Pettigrew, asiyesifu hata chai yake,
akatazama jedwali, akainua nyusi:
makosa yameshuka, thelathini na moja kwa mia
hadi kumi na tisa. Umefanya nini?
Nikasema sijui. Labda kanunua simu mpya.

Sasa nakagua neno kwa neno.
Amesema, namsikia waziwazi, waziwazi mno:
Cherehani kiko kwa fundi, usijali.
Mashine imeandika:
*cheo rehani kiko kwa fundi usijali*

Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Fundi yupi?
Yeye ndiye anayefungua vyerehani vya mtaa mzima
kwa kisu cha mkate
na kuvifunga umeme ukiwa umekatika.

Nikafungua mafaili ya zamani, yale mabichi,
nikasikiliza, si yeye, nyuma yake.
Desemba kumi na nne, tiki-tiki.
Desemba kumi na saba, kimya
na jogoo.
Kumi na sita ndiyo siku iliyoingia
awamu ya pili ya ada.
Kikoba kimenikopesha, alisema.

Kanuni ni kwamba penye kosa unasahihisha,
mashine ijifunze. Kidole kiko juu ya kitufe.
Mlinzi anachungulia, anasema kitu kwa Kiskoti chake,
na kwa mara ya kwanza tangu Septemba
nasema: sikukusikia, rudia.
Anarudia, taratibu, wala hanuni.
Wanafunga saa mbili. Nina koti zito zaidi ya hilo?

Kosa nimeliacha kama lilivyo.

Nje, barafu ya kando ya njia imekuwa kioo.
Korogwe ni saa tano usiku. Simu inaita, inaita.
Nani kafa? anapokea.
Hakuna, mama. Nyote wazima?
Wazima. Sasa?
Hebu iweke simu mezani,
pale kilipokuwa.
Nataka kusikia.