Sikio la Kufa

Gancho Kehayov alikupata kwa jembe la trekta
mwezi wa Machi, udongo bado una barafu makwapani.
Akazima injini, akavua kofia,
akapiga simu makumbusho, hakuwaita wauza vya kale.
Kwa hilo namshukuru.

Ukatufikia Sofia ndani ya boksi la viatu vya watoto,
umeviringishwa gazeti la michezo.
Kaburi namba saba, kilima cha pili, ng'ambo ya mto Tundzha.
Jina huna.
Wathrakia hawakupenda kuandika,
au waliandika juu ya kitu kinachooza.
Wagiriki ndio waliowasimulia,
kama jirani anavyoisimulia nyumba
ambayo hajawahi kulala.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Mimi hulinywesha dawa kila siku.
Nimevaa nyeupe toka utosini hadi unyayoni,
barakoa mbili, glavu juu ya glavu,
natoboa mfupa uliolihifadhi sikio lako la ndani,
mfupa mbishi kuliko yote, uliokataa kuwa udongo;
na unga wake, usiofika robo ya kijiko,
nauogesha usiku kucha.
Asubuhi sikio linajibu.

Linajibu kwa vinasaba,
nasaba zilizokunjwa na kukunjwa tena
hadi zikapenya tundu la sindano.
Herufi nne tu, zinarudiarudia kama mtoto anayejifunza kusoma.
Jina lako hazisemi.
Hazisemi ulimbembelezaje mwanao,
wala neno mlilolitumia kwa mkate.

Ukutani tumebandika sheria ya kwanza: USICHANGANYE.
Chafya yangu moja, na wewe utakuwa mimi.
Basi nabana pumzi, nafuta meza, nafuta tena,
kisha matokeo yanatoka
na ndani yake hamna kingine ila kuchanganyika:
wakulima waliovuka toka Anatolia na mbegu na mbuzi;
wawindaji wachache waliowakuta, wala samaki wa Danubi;
halafu wafugaji wa nyika, kaskazini mwa Bahari Nyeusi,
na magurudumu yao yakilia.
Walikuja kama wakwe, au kama moto?
Mashine haijui. Yenyewe huhesabu tu,
haioni haya, haioni huzuni.

Kijijini walinisubiri mkahawani, rakia mezani.
"Binti, sema neno moja. Ni wetu?"
Mmoja alitaka dunia iwe imeanzia
kwenye shamba lake la alizeti.
Mwingine, kijana, alichanja mpanda farasi begani
na wino ulikuwa bado haujapona.
Niliwaambia: nami nimepimwa,
ili jasho langu likidondoka lijulikane, litupwe.
Ndani yangu mna watu kama yeye.
Mna pia waliokuja nyuma yake sana,
wenye lugha hii tunayogombania.
Mkataa kwao mtumwa, sawa,
lakini mwenye kwao saba atakataa kupi?
Hawakupenda. Kijana alivuta shati, akaficha farasi.

Gancho hakuuliza kitu. Alikaa upande,
amenigeuzia sikio la kushoto;
la kulia trekta ilishalila.
Alinisindikiza hadi garini, ndipo akasema:
"Mama yule, alisikia vizuri?"

Miaka kumi na moja ya kazi,
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikamweleza ilivyoonekana kwenye picha:
kinundu cha mfupa njiani mwa sikio,
kile kinachowaota wazamiao maji baridi
miaka na miaka.
"Nusu tu," nikasema. "Aliupenda mno mto.
Au mto ndio uliokuwa kazi yake."

Akacheka, akautazama Tundzha,
umejaa theluji iliyoyeyuka, rangi ya chai ya maziwa.
"Basi walimfokea," akasema,
"kama Stamena anavyonifokea mimi chakula kikiiva."

Kwa lugha gani, sitajua.
Lakini kuna mtu alisimama ukingoni hapa,
mikono mdomoni,
akalazimika kukuita mara mbili.