Masafa Yaliyokaliwa

Usiku ule mto Eden uliingia Appleby
bila kupiga hodi.
Simu za mkononi zilikufa saa mbili na robo,
mnara wa kilimani ukazimika kama kibatari,
tukabaki sisi watu wa redio,
na betri za gari, na makoti ya manjano.

Zamu ilikuwa yangu, ukumbi wa shule.
Isobel, nipe hesabu ya ng'ambo ya daraja.
Hakuna.
Badala yake mvumo,
kisha saa ya ukutani,
kijiko kikigonga kikombe,
na mzee akimwarifu paka
kwamba maziwa yamekwisha.

Kituo kisichojitambulisha, ondoka hewani,
hii ni dharura.
Nilisema kwa adabu mara tatu.
Mara ya nne adabu ilikuwa imeloa.
Lakini anayesema hasikii,
ndivyo zilivyoumbwa redio hizi:
ukibonya kitufe, sikio lako linafungwa.

Ng'ambo, Isobel alikuwa na machela,
juu yake mama aliyeshikwa na uchungu kabla ya miezi yake,
akiita boti, akiita tena,
sauti yake ikizama chini ya kijiko.

Fearon akatoka na antena ya mkono,
akageuka nayo mvuani, hatua kwa hatua,
kama mgeni anayetafuta kibla.
Tusi alikuwa nalo tayari,
amelikunja mfukoni kama risiti.

Na hewani mzee akaendelea:
"Audrey, ungekuwepo ungeniambia nipandishe zulia juu.
Leo hakuna anayeniita.
Redio kimya tangu jioni."

Dakika kumi na tisa.
Kisha tukasikia, kwa maikrofoni yake mwenyewe,
mlango ukigongwa,
buti za Fearon zikichapa maji sebuleni,
kimya,
halafu, taratibu:
"Wilf, inuka kidogo.
Umeikalia."

Isobel akaingia katikati ya sentensi.
Sijui alikuwa ameianza lini.
Boti ilichelewa, ila ilifika.

Siku hizi, kila Jumapili jioni,
kabla sijafunga, namwita Wilf.
Hujibu upesi, kwa maneno mawili matatu,
na kila mara huachia kitufe mapema mno,
neno la mwisho
likabaki nyumbani kwake.