Mgongo wa Picha

Aliuleta mwezi wa tano, Keko imejaa matope,
umefungwa kwa kanga iliyopauka hata jina halisomeki.
Kiria Evanthia, mjukuu wa watu wa mkonge wa Kilosa,
Kiswahili chake cha shambani, nusu amri, nusu utani.
"Fundi, uso usiuguse. Nataka mgongo tu."

Miaka mia tano, alisema,
tangu mtu wa Krete apake chokaa kwa gundi ya ngozi,
avunje yai, amwage ute,
kiini akigaagaze kiganjani mpaka kikauke utando,
akitoboe, rangi inywe.
Mimi nikawaza: mtu huyo alikula nini asubuhi?

Niliugeuza. Si mninga, si mkongo, si mvule.
Nilinusa. Hizza, mwanafunzi wangu, naye akanusa.
"Mberoshi," alisema mama. "Ule wa kwenye Biblia."
Wadudu walipita humo zamani,
wakaacha vitundu kama nukta
za aya ambayo herufi zake zimehama.

Papi mbili zimeachia. Ubao umejipinda
kama mtu anayetegea sikio mlango wa jirani.
Nilichonga papi mpya. Msumari sikupiga:
msumari wa mgongoni hutokea usoni.

Siku tatu Bikira alilala kifudifudi
juu ya shuka ya mwanangu,
kati ya kitanda cha harusi ambacho bwana harusi hajamalizia
na kabati lisilo na milango.
Mimi ni mtu wa msikitini, sura siziweki ukutani.
Lakini redio niliizima,
na Hizza alipotaka kupiga mluzi nilimtazama.

Siku ya nne nikauinua.
Dhahabu ikadaka taa ya tyubu,
na yule Mama, mweusi kwa moshi wa mishumaa,
akanitazama kama ninayedaiwa.
Pembeni maandishi: *mkono wa*,
kisha jina, limelika.

"Sisi hatusemi amechorwa," alisema Kiria. "Tunasema ameandikwa."
Nikamwambia, hata sisi: meza tunaiandika,
mgeni akiwa njiani.
Hakucheka. Alikunja kanga polepole, pembe kwa pembe.
"Basi ndiyo hiyo," akasema.

Alinilipa, akaondoka na bajaji, ubao mapajani.

Chini ya papi, pasipoonekana,
kuna penseli yangu:
arobaini na moja kwa thelathini na tatu,
na mshale mdogo
kuonyesha juu ni wapi.