Alhamisi

Wodi ya ubongo iko bondeni, mwisho wa ngazi.
Huku Bukavu kila kitu kina ngazi.
Tulimteremsha watu wanne, kama kabati.

Kitanda cha sita: Cirhuza, miaka hamsini na minane,
mchonga funguo, soko la Kadutu, kiharusi.
Ndivyo walivyoandika.
Hawakuandika kwamba alfajiri ile alikuwa anatafuta kiatu,
akaniuliza, "Alhamisi iko wapi?"
nami nikacheka.

Tangu hapo kila kitu ni Alhamisi.
Maji ni Alhamisi. Sombe ninayompikia uani, kwa makala ya kukopa, ni Alhamisi.
Maumivu ni Alhamisi, kwa sauti ya chini.
Mimi Nabintu, mama wa watoto wake watano,
ni Alhamisi pia, na naitika.
Nimeshaitwa vibaya zaidi.

Nsimire, mtaalamu wa usemi, huja na kisanduku.
Akatoa kitana. "Hiki ni nini?" Alhamisi.
Kijiko. Alhamisi.
Mzee wa kitanda cha saba, yule wa mikono inayotetemeka,
akasema leo ni Jumanne, jamani.
Nsimire akatoa ufunguo.

Nikageukia dirisha.
Mvua ilikuwa inashuka kuelekea ziwani.
Miaka thelathini nimepangusa vumbi la shaba kwenye nyusi zile;
sikutaka kuona.

Kimya kikazidi. Nikageuka.
Ameushika kwa mkono wa kushoto, ule mzima,
kidole gumba kinatembea juu ya meno,
jino la kwanza, la pili,
kwenye la tatu kikasimama.
Akakunja uso. Siku hizi hukunjika nusu tu,
lakini naujua: ndio uso wake
akiona kazi ya fundi mbaya.

"Ni wa kabati la dawa," Nsimire akasema.
"Unagoma kila siku. Tunaupigapiga."

Nikapanda Kadutu kwa miguu, nikarudi na tupa, matope hadi magotini.
Mimi nilishika ufunguo, yeye akasugua.
Daktari alipita na mafaili yake, akasahau alikokuwa anakwenda.

Kabati likafunguka mara moja.
Ndani: visanduku vitatu vya vidonge vya kifafa,
na rafu tupu.

Cirhuza akaniangalia.
Niliona akitafuta,
midomo ikijaribu kama mtu mwenye shada la funguo
gizani, mlangoni kwake:
huu, sio; huu, sio.

"Ijumaa," akasema.

Nikaitika.