Haitimizi Masharti

Niliinunua kwa pauni kumi na tano
ukumbini mwa kanisa, mtaa wa Hilltown, Dundee,
iko katikati ya birika lisilo kifuniko na viatu vya mvua.
Kitufe cha N kimeng'oka.
Mgongoni ina stika ya shule iliyofungwa siku nyingi.
Aliyeniuzia, bibi mmoja, Morag Petrie,
alinitupia na soksi za sufu, bure,
kama mtu anayelipa fidia mapema.

Nyumbani nikaiwasha. Ikakohoa. Ikawaka.
Nikaiomba ipokee mfumo mpya,
ikajibu kwa adabu ya watu wa ofisini:
Kompyuta hii haitimizi masharti.

Haijafa. Haijashindwa kazi.
Ina umri tu, na kiwanda kimenawa mikono.
Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Koleo hili halijavunjika hata,
limekatazwa.

Sentensi ile naijua.
Ilinifikia ndani ya bahasha ya kahawia, mwaka wangu wa kwanza hapa:
miaka kumi na mmoja ya kuzalisha akina mama Kigoma,
na jibu lake aya mbili, na sahihi iliyopigwa kwa mashine.

Basi nikatafuta bisibisi.

Mikono iliyozoea vitovu ikajifunza skrubu.
Ndani ya feni nilikuta vumbi la chaki
na unywele mmoja mrefu, mwekundu,
wa mtoto nisiyemjua.
Sikuutupa. Sijui kwa nini.
Zbigniew wa ghorofa ya tatu,
ambaye jina lake ulimi wangu bado unalikwepa,
aliniletea vijiti viwili vya kumbukumbu,
akaondoka na bakuli la maharage ya nazi.
Bakuli hajarudisha.

Mfumo mpya ukakaa kwenye flashi ndogo kama ukucha,
pamoja na viraka.
Wako watu, sijui wako wapi,
wanaoshona viraka hivi usiku, bila ujira,
ili mashine za jana zidanganye kidogo, zipite mlangoni.
Mama yangu alishona sare yangu hivyo hivyo.
Alisema kiraka chema hakiombi radhi:
kinakaa juu ya tundu na kusema, mimi ndimi nguo.

Asilimia sabini. Themanini. Themanini na tisa.
Ikasimama.
Saa nane na robo usiku. Mita ya gesi imebakiwa na pauni mbili,
shakwe anatembea juu ya paa kwa viatu vya mwenye nyumba.
Nikaweka kiganja juu yake, ina joto,
kama unavyoweka juu ya tumbo la mwenye uchungu:
huamuru kitu. Unasubiri, unahesabu.
Themanini na tisa.
Themanini na tisa.
Tisini.

Alfajiri ilifunguka na sura mpya, bila sauti.
Kamera haioni. Waifai haisikii la mwadhini wala la mteka maji punda,
hivyo nimetandaza waya wa njano ukumbini
na mwanangu Hemedi anauruka kila aendapo chooni,
akisema maneno aliyojifunza shule.
Usiku wa nne sauti ikaja,
spika ya kushoto tu.
Nilicheka peke yangu jikoni, nikaziba mdomo.

Zbigniew anasema mwezi wa kumi litatoka toleo jingine
na litafumua kila nilichoshona.
Na lifumue.
Bisibisi inakaa kwenye droo ya vijiko.

Leo, ukurasa wa kwanza wa fomu ya mtihani wa wakunga,
mara ya tatu kuijaza. Kishale kinapepesa, kinangoja jina.
Langu lina N mbili.
Chini ya kitufe kilichong'oka kuna chuchu ndogo ya mpira.
Naibonyeza kwa nguvu,
mpaka itoke.